Zena ya Redio Inyamazapo Adhuhuri

Katika nyumba za mkoa wa Simiyu zilizo mbali na nguzo za umeme, betri ya gari iliyounganishwa na paneli ya jua ndiyo aghalabu iwashayo taa na kuchaji simu, na mwenye nyumba, akiwa na redio ya kale itumiayo mawe sita, yaani volti 9, huipeleka kwa fundi mjini Bariadi na kumtaka aiunge kwenye betri hiyo hiyo, ili aondokane na gharama ya kununua mawe. Ombi hilo ni jepesi kulisikia, walakini hesabu yake wengi huiachia njiani.

Betri iitwayo ya volti 12 haitulii katika 12: usiku, ikiisha kuchoka, hushuka hadi 11.5, na adhuhuri paneli inapoijaza hupanda hadi 14.4. Ndipo ihitajikapo dayodi ya zena, iliyopewa jina la Clarence Zener, mwanafizikia wa Marekani aliyeeleza mwaka 1934 jinsi kihami kinavyovunjika nguvu za umeme zikizidi. Hufungwa kinyume, sambamba na redio, nyuma ya rezista. Volti ikifikia kiwango chake, huupitisha mkondo uliozidi, mfano wa utoro wa maji katika lambo.

Fundi huchukua 1N4739A, ya volti 9.1 na wati 1, akaridhika kwa kuwa volti zimewafikiana. Natuipime. Tuseme redio, sauti ikiwa juu, hula miliampia 40, na zena sharti ibakiwe na 5 kwa uchache. Rezista ya omu 47, betri ikiwa 11.5, hupitisha 51, kwa hiyo zena hupata 11. Hadi hapo kazi ni sahihi. Ama mchana, wenyewe wakiwa katika mashamba ya pamba na redio imezimwa, betri hufika 14.4, rezista hupitisha miliampia 113, na zote huielemea zena peke yake: 9.1 mara 0.113 ni wati 1.03. Kifaa cha wati 1, ndani ya kasha lililofungwa chini ya bati lililopata moto, hakina aushi hapo. Nacho kiunguapo, mara nyingi huwa shoti, na rezista, ikibebeshwa wati 4 na zaidi, hukifuata.

Kuiweka 1N5346B ya wati 5 ni sahihi kwa hesabu, lakini betri huvuja mchana kutwa kwa ajili ya redio isiyosema. Kuihamisha swichi ya redio ikakaa kabla ya rezista ni bora, na gharama yake ni waya tu. Mimi hupendelea transista, kama BD139: zena ya volti 10 huwekwa kwenye besi pamoja na rezista ya omu 220, redio ikapata volti 9.3, na zena, hata adhuhuri redio ikiwa kimya, haibebi zaidi ya miliampia 20, yaani wati 0.2, hivyo ile ndogo ya nusu wati yatosha.

Madhali zena nyingi hutolewa katika vyombo vibovu, maandishi yake yamefutika, kila moja ipimwe kwanza kwa volti 18 kupitia rezista ya omu 1,000. Mita ikisoma 0.7, imefungwa mbele, igeuzwe na kusomwa upya.