Hela: Je, ni Jina la Noti?

Katika mji wa Tunduma, mkoani Songwe, mpakani mwa Tanzania na Zambia, neno "hela" hutajwa kutwa nzima. Wabadilishaji fedha hushika mabunda ya noti za shilingi na za kwacha, na zote huitwa hela. Asikiaye hayo, kisha akaambiwa kwamba asili ya neno ni Kijerumani, aweza kudhani kuwa Wajerumani walilitumia kwa fedha za karatasi. Dhana hiyo si sahihi, na yafaa irekebishwe.

Heller ilikuwa sarafu ndogo, iliyopata jina lake kutokana na mji wa Hall, kusini mwa Ujerumani, ilikofuliwa katika karne za kati. Katika Afrika Mashariki ya Kijerumani ilianzishwa mwaka 1904, rupia moja ikawa hela 100 badala ya pesa 64. Noti zilizotolewa kuanzia mwaka 1905 zilihesabiwa kwa rupia, wala si kwa hela. Hata noti za dharura zilizochapwa Dar es Salaam na Tabora wakati wa Vita Kuu ya Kwanza zilikuwa za rupia. Wajerumani wenyewe waliita karatasi hiyo Banknote.

Basi, karatasi ilipataje jina la kipande cha madini? Kwa kupanuka kwa maana. Utawala ule ulikwisha, sarafu ikatoweka, neno likabaki na kuwa jina la fedha yoyote. Kirundi nacho kina "amahera" kwa maana hiyo hiyo. Wala jambo hili si geni: "fedha" kwa asili ni madini, na "pesa" ilikuwa sarafu ya Kihindi.

Kwa hiyo, mwalimu afutaye "hela" katika insha kwa hoja kwamba ni neno la kigeni, hana budi kufuta na "fedha", iliyotoka Kiarabu. Kosa liko kwingine. Karani wa mpakani aandikapo "alikutwa na hela" hajaeleza kama ni noti au sarafu, za shilingi au za kwacha. Na mfasiri wa maelezo hayo atabaki akibahatisha.

Twapendekeza "fedha" itumike katika maandishi rasmi, "noti" kwa karatasi, "sarafu" kwa vipande vya madini, na "hela" katika mazungumzo na fasihi. Penye fedha za nchi mbili, jina la kila moja litajwe.