Udongo Wenye Mlio

Tungo za kumsifu Muumba kwa kuutaja mwili wa mwanadamu si haba katika visiwa vyetu. Aghalabu huanza na nywele, zikapita kwenye paji, macho na midomo, zikateremka hadi nyayo, na kila kiungo kikafungiwa tasbihi yake. Vina hutimia, mizani hukaa sawa. Hata hivyo, msomaji huinuka kama alivyokaa. Sababu si upungufu wa imani, bali mshairi ameorodhesha pasi na kutazama. Tena viungo anavyovichagua ni vizuri daima. Je, mwili usiosifiwa kwa uzuri hauna ishara?

Jawabu tunalo hapa Unguja. Siti binti Saad alizaliwa Fumba mnamo 1880, akakulia katika kazi ya ufinyanzi, akawa akichukua vyungu kwenda kuuza. Husimuliwa kwamba sauti yake ilitambulikana kabla yeye mwenyewe hajaonekana. Alipohamia mjini mwaka 1911 na kupata jina, mahasidi walimkejeli kwa nasaba na kwa sura. Naye akawajibu kwa wimbo: uzuri si hoja, hasara ya mtu ni kukosa akili. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili, na baadaye Shaaban Robert akayaona maisha yake yanastahili kitabu.

Waliomcheka walitazama uso. Ajabu ilikuwa kooni. Pumzi hupanda kutoka mapafuni, ikapita baina ya mikunjo miwili midogo ya nyama, nayo hutikisika. Kwa mwanamke azungumzaye tu, mtikisiko huo hufika takriban mara 200 kwa sekunde moja. Akipandisha sauti kwa kuimba, huzidi. Hakuna jicho la mpita njia lionalo kazi hiyo.

Katika Sura ya Ar-Rahman, aya ya 14, mwanadamu anatajwa kuumbwa kwa salsal, udongo mkavu mithili ya chombo cha mfinyanzi. Wafasiri hulieleza neno hilo kuwa ni udongo utoao mlio unapogongwa. Na nani asiyejua kwamba mnunuzi hodari wa chungu hakitazami tu? Hukigonga kwa kidole akasikiliza, kwani mlio ndio utakaomwambia kama kizima au kina ufa.

Hiki ndicho kipimo ninachowapendekezea watunzi wetu. Atakayeusifu mkono atuonyeshe unavyolipima joto la chungu kabla ya kukishika. Atakayelisifu jicho atueleze linavyojipunguza mwangani na kujipanua gizani. Ishara huonekana katika kazi ya kiungo kuliko katika pambo lake. Ushairi unaosifu sura njema peke yake humsifu Muumba kwa nusu ya viumbe vyake, na nusu ile nyingine ukaiacha mikononi mwa wenye kejeli.