Hefner: Ziwa Lililofundisha Kupima Uvukizaji

Milimita moja ya maji ikipaa kutoka eneo la kilomita moja ya mraba, zimepotea mita za ujazo 1,000. Bwawa la Mtera, nchini Tanzania, likijaa hutanda takriban kilomita za mraba 600. Hapo milimita hiyo moja ni mita za ujazo 600,000, na hazitazungusha mitambo ya umeme ya Mtera wala ya Kidatu, iliyo chini zaidi kwenye mto huohuo. Hasara hiyo hupimwaje, ilhali hakuna aionaye ikitoka?

Jibu lililo imara lilitafutwa katika Ziwa Hefner, jimbo la Oklahoma, Marekani, mwaka 1950 na 1951. Shabaha hasa ilikuwa Ziwa Mead, bwawa kubwa la Mto Colorado, lakini kwanza ilitakiwa mahali pa kuzijaribu mbinu. Watafiti walikagua maziwa na mabwawa zaidi ya 100 wakachagua Hefner, kwa sababu maji yanayoingia na kutoka yaliweza kupimwa kwa uhakika, na yanayopotea ardhini ni machache. Jumlisha yaliyoingia na mvua, toa yaliyotoka, linganisha na mabadiliko ya ujazo: kinachopungua ni uvukizaji. Hesabu hiyo ikawa kipimo cha kuzihukumu mbinu nyingine.

Mbinu ya nishati hufuata joto. Kugeuza kilo moja ya maji kuwa mvuke huhitaji megajuli 2.45 hivi. Basi hupimwa mionzi inayobaki ziwani, hutolewa joto linalohifadhiwa majini, kisha joto linalopasha hewa, ambalo hukadiriwa kwa uwiano uliotolewa na mwanafizikia Bowen mwaka 1926. Kinachosalia ndicho kilichovukiza maji. Kwa vipindi vya wiki moja na zaidi, mbinu hii ilikaribiana vizuri na hesabu ya maji. Mbinu nyingine ilitumia kasi ya upepo na tofauti ya shinikizo la mvuke kati ya uso wa maji na hewa. Mwaka 1952 na 1953 mbinu hizo zikatumiwa Ziwa Mead.

Somo kubwa lilihusu beseni la uvukizaji, lile la chuma lenye kipenyo cha sentimita 121, linalotumika karibu kila mahali. Kwa mwaka mzima, Hefner ilipoteza takriban asilimia 70 ya kimo kilichopungua kwenye beseni. Kwa mwezi mmoja mmoja uwiano huo uliyumba vibaya. Majira ya kuchipua, ziwa humeza joto na kuvukiza kidogo huku beseni likikauka haraka. Vuli, beseni limepoa ilhali ziwa lingali likitoa joto lililohifadhiwa.

Hapo ndipo penye hatari kwetu. Anayesimamia bwawa haamui kwa mwaka. Huamua mwezi huu afungulie maji kiasi gani. Akizidisha kipimo cha beseni kwa 0.7 kila mwezi, anagawa maji kwa tarakimu isiyojua joto lililomo bwawani. Vipimajoto vilivyoshushwa kwenye vina mbalimbali na kipimaupepo kwenye boya ni gharama ndogo, na mkulima anayengoja zamu ya maji anastahili hesabu iliyopimwa hivyo.