Mlio wa Nyundo, Mlio wa Tupa

Kumbi za sinema za London zilianza kuonyesha Avengers: Endgame tarehe 25 Aprili 2019. Ilikuwa filamu ya 22 katika mfululizo uliozinduliwa na Iron Man mwaka 2008, nayo ilitangazwa kuwa hitimisho: saa tatu na dakika moja za kuwaaga majagina ambao kizazi kizima kilikuwa kimekua nao. Watazamaji wa filamu hizi walikwisha kuzoea kubaki vitini hadi jina la mwisho la fundi wa mwisho lipite, kwa kuwa kwa kawaida kulikuwa na kionjo cha filamu inayofuata. Safari hii hapakuwa na kionjo. Palisikika tu mlio wa chuma kikigongwa na nyundo, kisha kimya.

Mlio huo unarejea mwanzo wa mfululizo: pango la Afghanistan ambamo Tony Stark, mateka, anafua vazi lake la kwanza la chuma. Ni uamuzi wa busara kuliko yote yaliyomo katika saa ya mwisho ya filamu. Kwa msomaji wa fasihi ya Kiswahili, hata hivyo, mlio huo una mwenziwe wa kale zaidi, na mwenziwe huyo naye ana makazi London. Kutoka Leicester Square, penye kumbi kubwa za sinema, hadi maktaba ya SOAS, iliyohifadhi miswada ya Muhammad Kijuma wa Lamu, ni mwendo wa miguu usiofika nusu saa. Kijuma ndiye aliyetunga Utenzi wa Fumo Liyongo mwaka 1913. Na kabla yake, mwaka 1870, Edward Steere alikwisha kuchapisha kisa cha Liyongo katika jiji hilohilo.

Liyongo naye alikuwa mfungwa. Mamaye alimpelekea tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa, kwa hesabu kwamba walinzi hawangetamani chakula duni namna hiyo, na aliyeubeba mkate ni kijakazi Saada. Usiku wa mwisho Liyongo aliomba apigiwe gungu na mwao, na wakati umati unaimba na ngoma zinarindima, yeye alikuwa akikata minyororo. Hakuna aliyeisikia tupa.

Matukio haya mawili yanafanana kwa umbo tu. Nyundo ya Stark inaongeza: inaufunika mwili wenye jeraha kwa gamba la silaha, na kila filamu iliyofuata ililifanya gamba hilo jembamba na jepesi zaidi, hadi vazi likawa kama ngozi ya pili. Tupa ya Liyongo inapunguza. Haimpi nguvu asiyokuwa nayo, inamwondolea kizuizi. Isitoshe, Stark anasaidiwa pangoni na mtu mmoja, Yinsen, anayekufa papo hapo, ilhali Liyongo anaokolewa na mama, kijakazi, na mji mzima usiojua kwamba unamwokoa. Utenzi unajua kuwa ushujaa ni kazi ya mikono mingi, mingine isiyo na habari. Endgame inajaribu kusema jambo hilo kwa kuwapanga majeshi yake yote katika uwanja mmoja wa vita, lakini wingi wa watu kwenye skrini si sawa na jamii.

Tofauti kubwa zaidi imo katika vifo. Adui wa Liyongo alishindwa kumwua kwa nje, akamtuma mwanawe. Mtoto ndiye aliyemchoma babaye kitovuni kwa sindano ya shaba, akiwa usingizini. Utenzi haujaribu kuulainisha uchungu huo. Mfululizo wa Marvel ulikwisha kuugusa uchungu wa aina hiyo mwaka 2016 katika Captain America: Civil War, pale majagina walipopigana wao kwa wao. Hitimisho linaukwepa. Ugomvi wa Stark na Steve Rogers unafutwa kwa maneno machache na ngao kurejeshwa kwa mwenyewe, kisha anarudishwa Thanos, adui wa nje, rahisi kuchukiwa. Ni hasara, kwa sababu saa ya kwanza ya filamu ilikuwa na ujasiri: mawe ya kumbukumbu yenye majina ya waliotoweka, wanaume wameketi duara wakijifunza kuishi na msiba. Kisha akaja Thor aliyenenepa kwa huzuni na ulevi, na huzuni yake ikageuzwa kichekesho.

Wakanda nayo inastahili neno. Vitabu vya katuni vimezoea kuiweka Afrika Mashariki, jirani na Ziwa Turkana. Lugha yake kwenye skrini ni isiXhosa, iliyoingia mwaka 2016 kupitia John Kani, mwigizaji wa Afrika Kusini. Jirani wa Turkana anasema kwa lugha ya Rasi. Tuseme ni leseni ya kisanii. Kisumu, mji wa nyumbani kwa akina Nyong'o, iliipokea Black Panther kwa shangwe Februari 2018. Katika Endgame, miaka mitano baada ya vita vilivyopiganwa juu ya ardhi ya Wakanda, nchi hiyo haiulizwi hali. Okoye anatokea kama taswira kutoka mbali, anaripoti tetemeko chini ya bahari, basi. T'Challa ndiye wa kwanza kutoka katika milango ya nuru, na ukelele wake wa “Yibambe!” ni miongoni mwa sauti zinazokumbukwa zaidi. Amerudi kutoka kwa wafu, na kazi ya kwanza anayopewa ni kupigana vita vya wenzake.

Baada ya kuchomwa, Liyongo alikwenda kisimani, akapiga goti na upinde wake, akafia katika hali hiyo. Watu wakakosa maji kwa hofu ya maiti. Stark alizikwa ziwani mbele ya wenzake wote waliovaa nyeusi. Julai 2024 ilitangazwa kwamba Robert Downey Jr. atarudi katika mfululizo, sasa akiwa Doctor Doom. Mtunzi wa utenzi hutia jina na tarehe katika beti za tamati, akaweka kalamu chini. Studio haina desturi hiyo.

Imefanya hivyo mara moja tu, na haikuwa kwa hiari. Chadwick Boseman alifariki tarehe 28 Agosti 2020. Filamu ya mwaka 2022 haikumpa mtu mwingine nafasi ya T'Challa. Inaanza kwa kifo chake na mazishi ya watu waliovaa nyeupe, na nembo ya studio, ambayo kwa kawaida huja na tarumbeta, inapita kimya ikiwa imejaa picha zake.