Kitabu cha Fizi na Msomaji Wake

Mwandishi chipukizi wa Fizi au Baraka anakabiliwa na swali linalotangulia lile la mchapishaji: anamwandikia nani? Kumbukumbu za Che Guevara za vita vya huko vya 1965 ziliandikwa Dar es Salaam, kwa Kihispania. Zikachapishwa kamili mwaka 1999. Waliosimuliwa humo hawakuwa wasomaji waliokusudiwa.

Mwaka huohuo wa 1965, Elisabethville (leo Lubumbashi), André Yav aliandika historia ya mji huo kwa Kiswahili cha watumishi wa nyumbani, akiwalenga watumishi wenzake. Ilipigwa taipu na kurudufishwa tu. Johannes Fabian aliichapisha ng'ambo mwaka 1990. Tahajia yake, kusema kweli, ingemsumbua mwalimu yeyote wa sarufi. Hata hivyo msimulizi anajua anazungumza na nani, na ujuzi huo ndio unaoibeba kazi nzima.

Mswada wa Baraka ukivushwa ziwa kutafuta mchapishaji Tanzania, jambo la kwanza litakalodaiwa ni usanifu. Dai hilo lina haki yake madukani Dar es Salaam. Lakini mnunuzi wa kwanza yuko sokoni Baraka, naye atakisoma kitabu cha kwao kwa lugha ya wageni.