Kioo cha Mbele

Mji wa Rumonge, kusini mwa Bujumbura, unategemea viumbe wadogo. Ndagala wanaoanikwa ufukweni mwa Ziwa Tanganyika ni samaki wa urefu wa kidole. Mawese nayo yanamhitaji fukusi wa jamii ya Elaeidobius, mdudu wa milimita chache anayebeba chavua kutoka ua dume la mchikichi hadi ua jike. Malaysia iliwaachilia mashambani fukusi hao kutoka Kameruni mwaka 1981, baada ya kuchoka kuchavusha kwa mikono. Sanaa ya kupiga picha za vitu vidogo inawapa viumbe hawa heshima ambayo macho ya harakaharaka huwanyima. Ila anayeianza hapa asikimbilie lenzi ya makro. Anunue kioo cha kukuza kinachofungwa kwa skrubu mbele ya lenzi ndefu ya kuzoom aliyo nayo tayari.

Sababu ya kwanza ni mchanga. Lenzi ya makro, na hata mirija ya kurefusha inayofungwa kati ya lenzi na kamera, humlazimu mtu afungue kamera palepale kwenye upepo wa ziwa, na punje ikishatua kwenye sensa huacha doa katika kila picha. Picha za karibu hupigwa tundu la lenzi likiwa dogo, na tundu dogo ndilo linaloyaanika madoa hayo. Kioo cha mbele hakifungui chochote, wala hakipunguzi mwanga. Cha nguvu ya diopta 2, lenzi ikiwa imelengwa mbali kabisa, humweka mpigaji sentimita 50 kutoka kwa samaki, kivuli chake kikiwa pembeni. Kwenye lenzi ya milimita 250 hutoa nusu ya ukubwa halisi kwenye sensa: fremu ya kamera ya kawaida ya wanaoanza inajaa kichwa cha ndagala, kifuniko cha matamvua na mwanzo wa ule ukanda wa fedha ubavuni. Kinachoonekana kikali, kwa f/8, ni unene wa milimita moja hadi mbili hivi. Jicho la samaki likionekana kali, samaki wa chini yake ameshapotea.

Wapo watakaosema vioo hivi huharibu picha. Ni kweli kwa vile vya bei ya chini vinavyouzwa vinne kwa pamoja: kingo za picha hukosa ukali, rangi hutawanyika. Dawa yake ni kununua kimoja tu, cha vioo viwili vilivyogandishwa pamoja. Watetezi wa mirija nao wana haki, maana mrija hauna kioo cha kuharibu chochote. Wa milimita 25 kwenye lenzi ya milimita 50 hutoa nusu ileile. Ufae ndani ya nyumba, basi, pasipo vumbi. Hoja nzito zaidi ni ya fukusi: kwa nusu ya ukubwa, mdudu wa milimita 3 ni nukta tu. Lakini hata lenzi ya makro, kwa ukubwa halisi, humpa sehemu moja kwa nane ya upana wa fremu, na kishada cha maua hakitulii kwenye upepo. Kumtolea fedha nyingi mdudu huyo mwanzoni, kwa maoni yangu, ni kujitafutia hasira.

Kabla ya kwenda dukani, soma kipenyo kilichoandikwa mbele ya lenzi yako: 52, 55, 58 au kinginecho. Kioo kisicholingana na kipenyo hicho hakitafungika bila pete ya kuunganishia.