Nyimbo za Bi Kidude katika Santuri, na Sikio la Pemba

Makangale ni kijiji cha kaskazini-magharibi ya Pemba, ng'ambo ya msitu wa Ngezi, katika njia iendayo Ras Kigomasha. Wenyeji wake ni wakulima na wavuvi. Katika habari za taarabu ya mjini Unguja kijiji hiki hakina sababu kubwa ya kutajwa, ila moja: ni mahali pazuri pa kuijaribia santuri ya mwimbaji wa mjini. Msikilizaji wa huko yu karibu kwa lugha, lakini yu mbali kwa mitaa, kwa visa na kwa majina ya watu. Wimbo ukifika kwake umekwisha kuachana na baraza yake, na kilichobaki ni sauti na maneno tu.

Santuri inayostahili jaribio hilo ni mkusanyo wa nyimbo za Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, uliotolewa Paris mwaka 2007 na Buda Musique, ukiwa wa nne katika mfululizo uitwao Zanzibara. Nyimbo zilizomo hazikurekodiwa katika kikao kimoja, na kwa hiyo si haki kuihukumu kana kwamba ni kazi ya siku chache. Katika hazina ya mwimbaji huyu zimo nyimbo alizozirithi kwa Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 pamoja na wenziwe wakajaza santuri za kwanza za taarabu ya Kiswahili. Siti alifariki mwaka 1950, na wasifu wake ulioandikwa na Shaaban Robert ulichapishwa mwaka 1958. Bi Kidude hakupata mwandishi wa namna ile. Yeye alipata wapiga picha.

Huko ng'ambo santuri ilipokewa kwa sifa nyingi, na aghalabu sifa hizo zilianzia katika umri. Mwaka 2005 Bi Kidude alikuwa amekwisha kutunukiwa tuzo ya WOMEX, na tangu hapo yalikuwa machache maandiko juu yake yaliyokosa kutaja miaka mia. Mwenyewe alikuwa akisema kwamba alizaliwa zama za rupia. Kauli hiyo ilichukuliwa kuwa ushahidi wa ukongwe usio kifani, na hali rupia ilitumika Unguja na Pemba mpaka mwisho wa mwaka 1935. Haikatai kwamba alikuwa mkongwe. Ila haithibitishi hesabu yoyote. Ubaya wa hesabu hizo ni kwamba ziliwafanya wasikilizaji wastaajabie koo lililodumu, wasiulize koo hilo lasema nini. Mkwaruzo wa sauti yake ukahesabiwa kuwa alama ya uzee, na hali kwa sehemu kubwa ni namna ya kuimba: sauti itokayo kifuani, iliyozoea kushindana na msondo wa unyago bila ya kipaza sauti.

Pemba haiwezi kumhukumu hivyo. Ni kisiwa cha washairi. Malumbano ya Kamange na Sarahani yangali yakitajwa, na Whiteley alipokusanya lahaja na tungo za Pemba katika kitabu chake cha mwaka 1958 alikuta ushairi ambao watu wake waujua kwa sheria zake. Mtu aliyelelewa katika sikio hilo hungoja kina cha kati na kina cha mwisho, na huhesabu mizani kumi na sita bila ya kunuia. Kwa kipimo hicho Bi Kidude ana makosa, na si haba. Humeza silabi ya mwisho hata kina kikapotea. Hurudia nusu ya mstari pale ambapo mtunzi alitaka nusu ya pili. Beti alizoimba Siti kwa utaratibu, yeye huzipunguza, huzihamisha, mara nyingine huzikata. Mhariri wa maandiko angeziita nakala mbovu.

Nazo ni mbovu kweli zikiandikwa. Hapo ndipo penye shauri lote la santuri hii, wala halikutatuliwa na wale waliosifu sauti wakaacha maneno, wala na wale wa pwani waliolinda maneno wakaacha sauti.

Uchukuliwe wimbo wa "Muhogo wa Jang'ombe". Jang'ombe ni mtaa wa Ng'ambo ya mji wa Unguja, na fumbo la wimbo lakaa juu ya jina hilo kama paa juu ya nguzo. Makangale muhogo waujua vizuri kupita mtu wa mjini. Jang'ombe ndiyo wasiyoijua. Basi fumbo lafika nusu. Lakini Bi Kidude hulitamka jina la mtaa kwa namna ya mtu anayemwonya mwanawe, na msikilizaji asiyeujua mtaa hutambua papo hapo kwamba muhogo huo si wa kupikwa. Kazi ambayo Siti aliiachia baraza, Bi Kidude ameifanya kwa koo.

"Kijiti" ni mfano mzito zaidi. Wimbo huu Siti aliutoa katika kisa cha kweli: mwanamke mgeni aliyetoka bara alichukuliwa matembezini akauawa, mtenda akatoroka, na wenziwe marehemu waliosimama mbele ya hakimu kutoa habari wakageuziwa makosa wao. Wasikilizaji wa wakati ule waliwajua watu wale, au walijua nyumba zao. Wimbo ulikuwa habari na ulikuwa lawama, na lawama yake ilielekea mahakamani kuliko kwa mwuaji. Sahani ya wakati ule ilichukua kiasi cha dakika tatu kwa uso mmoja, nafasi ndogo kwa kisa chenye watu wengi namna hii. Lakini kikao cha kusikiliza kilijaza kilichopungua, kwa kuwa kila mtu alikuwa na lake la kuongeza.

Bi Kidude aliuimba watu wale wote wakiwa wamekwisha kufa. Habari haikuwa habari tena. Hakujaribu kuisimulia upya, wala hakulia. Auimba kwa ukavu, karibu na kusema, na pale panapotajwa hukumu sauti yashuka badala ya kupanda. Mahadhi ni yale yale. Kilichobadilika ni anayeshitakiwa. Katika kinywa cha Siti ni hakimu fulani wa mwaka fulani. Katika kinywa cha mwanafunzi wake ni kila baraza inayomgeuza shahidi kuwa mkosa, na mwanamke wa Makangale hahitaji kuambiwa jina la Kijiti ili aelewe. Beti zilizopotea hazikuliharibu jambo hili. Huenda zingelizuia.

Kwa sababu hiyo kuzichapa nyimbo hizi kwa kuzisahihisha kufuata maneno ya Siti, kama inavyoelekea kufanywa na wapendao unyofu wa tungo, ni kupoteza kazi ya mtu wa pili. Yafaa kila uimbaji uandikwe peke yake, kwa tarehe yake na wapigaji wake, na silabi zilizomezwa zionyeshwe kuwa zimemezwa. Bi Kidude alifariki tarehe 17 Aprili 2013. Hakuna tena wa kuulizwa kwa nini ubeti huu aliuacha na ule akaurudia mara tatu. Rekodi zenyewe ndizo zilizobaki, na ile ya Siti iwekwe kando yake, si juu yake.